Pokémon XYZ kwa watoto wa kartie: epizodi gani kwa jioni saba, na mbona Sacha alipoteza fainali?

Himbi_Zygarde (Goma)

Jambo yenu wote.

Likizo kubwa inakaribia, na hapa Himbi tunapanga kuwaonyesha watoto wa kartie sezoni ya XYZ ya katuni ya Pokémon, ile ya mwisho ya safari ya Sacha, shujaa wa katuni, katika eneo la Kalos. Faili ziko tayari, sauti ni ya Kifaransa. Kuko sebule moja, tele ya inchi 32, na jioni saba. Kila jioni ni masaa mawili tu, juu ya wazazi wanataka kila mtoto awe nyumbani mbele giza haijaingia vizuri.

Shida ya kwanza ni muda. Epizodi zote haziingii katika masaa 14, na sitaki kukata ovyo mpaka hadithi ipoteze kichwa na mkia. Ya pili ni namba: faili zingine zinahesabu 1 mpaka 47, zingine 94 mpaka 140, na kuko zingine ndefu za Alain, mpinzani wa Sacha, ambazo hazina namba kabisa. Zinaingia wapi?

Ya tatu njo inanisumbua zaidi. Wakubwa wa miaka 12 na 13 wanajua tayari kwamba Sacha anapoteza fainali ya Ligi mbele ya Alain. Wanasema Amphinobi wa Sacha ni wa maji, Dracaufeu wa Alain ni wa moto, basi Alain alipendelewa na wenye kutengeneza katuni. Nataka jibu lenye kusimama, si kuwaambia tu "ndivyo ilivyo". Tena wadogo hawasikii Kifaransa sana, na umeme munaujua.

Mwenye kuijua sezoni hii vizuri anisaidie. Aksanti.

Kadutu_Croaporal (Bukavu)

Ndugu, tuanze na namba, ndipo mengine yatakuwa mepesi.

Safari ya Kalos ina epizodi 140 kwa jumla. Japani ilianza kuonyeshwa Oktoba 2013 kwa jina la XY, ikafika 93. Kisha tarehe 29 Oktoba 2015 ikabadilisha jina kuwa XY&Z na kuendelea na 47 za mwisho. Kwa hiyo faili yenye namba 94 ndiyo XYZ ya 1, na 140 ndiyo XYZ ya 47. Ukiona namba kubwa, toa 93. Faili ya 131 kwa mfano ni XYZ ya 38. Badilisha majina yote kabla ya siku ya kwanza, halafu fungua tatu au nne uhakikishe, kwa sababu ukikosea kwa moja tu utaonyesha mwisho wa fainali kabla ya mwanzo wake.

Zile ndefu za Alain ni vipindi maalum vinne kuhusu Méga-Évolution (Pokémon kugeuka kwa muda). Vilitoka kati ya Aprili 2014 na Oktoba 2015, na cha nne kilitoka siku ileile XYZ ilipoanza. Ndiyo maana orodha zingine zinavitia ndani ya sezoni na hesabu inazidi. Kwa hadithi, vyote vinne vinakuja kabla ya XYZ ya 1.

Sasa muda. Epizodi moja ni kama dakika 22. 47 mara 22 ni dakika 1034, yaani masaa 17 na dakika 14. Wewe uko na dakika 840. Ukiweka tano kila jioni unatumia dakika 110, na kumi zinabaki za watoto kuketi, kunywa maji na maswali. Tano kwa jioni saba ni nafasi 35. Usijaribu sita: 132 haziingii katika 120, na watoto watatoka katikati ya pambano.

Mimi ningeanza kupanga kutoka mwisho. Kuanzia XYZ ya 34 usikate hata moja. 34 inafungua Ligi ya Kalos pale Illumis, 35 na 36 ni nusu fainali ya Sacha na mpinzani wake, yule kijana anayeandika kila kitu katika daftari, mwenye Jungko, 37 na 38 ni fainali na Alain. Kutoka 39 Team Flare (kundi la wabaya, mkuu wao Lysandre) inauteka mji, na hadithi haipumui mpaka mji uokolewe. Zinazobaki ni za kuagana. Hizo ni epizodi 14.

Ukizipanga hivi zinakaa vizuri sana: jioni ya tano 34 mpaka 38, yaani Ligi nzima kwa mara moja. Jioni ya sita 39 mpaka 43. Jioni ya saba 44 mpaka 47, na unabaki na dakika 30 hivi za kuzungumza au za watoto kuchora. Jioni nne za kwanza zinakupa nafasi 20 kwa epizodi 33 za mwanzo. Utaacha 13, na hapo ndipo pa kukata, kwa maana hadithi inatembea polepole.

Kipimo changu cha kukata: tazama dakika tatu za kwanza na tatu za mwisho. Kama hakuna Zygarde (Pokémon wa hadithi za kale), hakuna Alain wala Team Flare, Amphinobi habadiliki, hakuna Pokémon anayegeuka kuwa mwingine na Serena, msafiri mwenzake Sacha, hapandi jukwaani, iache. Zisizoachwa ni hizi. XYZ ya 1, pale Clem, yule msichana mdogo anayesafiri nao, anapompata Zygarde mdogo na kumtia mfukoni. Kijiji cha maninja, Croâporal anapogeuka Amphinobi. Braisillon akimkabili Sulfura na kuwa Flambusard. Sonistrelle akimkabili Électhor na kuwa Bruyverne. Pambano na Dianthéa, bingwa wa Kalos, ambapo Sacha na Amphinobi wanakaribia kuwa kitu kimoja kisha Sacha anazimia. Muplodocus akirudi. Na zile za beji ya nane kwa Urup, mkuu wa uwanja wa barafu, zote: Sacha anashindwa, anakwenda peke yake katika msitu wa theluji, kisha anarudi kushinda.

Hizo za Urup watu wengi wanazikata wakisema za msituni zinachosha. Ni kosa kubwa. Kule ndiko muungano wa Sacha na Amphinobi unapokamilika, na maji yaliyokuwa yanamzunguka bila umbo yanakuwa ile nyota kubwa mgongoni. Mtoto asiyeona msitu ataiona nyota kwenye Ligi bila kuelewa imetoka wapi.

Vile vipindi vinne vya Alain huna nafasi navyo. Vieleze kwa mdomo kabla ya kuanza, dakika mbili zinatosha: Alain alikuwa anasafiri na msichana mwenye Marisson. Marisson alipata madhara ya nguvu ya jiwe kubwa la Méga-Évolution, akalala bila kuamka. Alain anamtumikia Lysandre kwa sababu anaamini Lysandre atamponya Marisson. Watoto wakijua hilo tu, hawatamwona Alain kama mtu mbaya.

Birere_77 (Goma)

Mimi nijibu la fainali, kwa sababu "Alain alipendelewa" linarudiwa tangu 18 Agosti 2016, fainali ilipoisha Japani, na wengi hawajawahi kupiga hesabu.

Waanze na aina. Amphinobi ni Maji na Giza. Dracaufeu wa kawaida ni Moto na Anga, lakini Alain ana jiwe la Dracaufite X, na Méga-Dracaufeu X ni Moto na Dragoni. Maji juu ya Moto ni mara 2, Maji juu ya Dragoni ni nusu. 2 mara nusu ni 1. Basi Sheauriken, shambulio la maji la Amphinobi, haipati faida yoyote. Pikachu naye hana bahati hapo: umeme wake wa Tonnerre juu ya Dracaufeu wa kawaida ni mara 2, juu ya Méga X ni nusu. Watoto wengi wanaona rangi nyeusi na moto wa bluu, wanadhani ni nguo mpya tu. Aina yenyewe imebadilika.

Sasa namba za michezo ya Nintendo, maana Amphinobi huyu aliingia kwenye michezo mwaka 2016. Jumla ya uwezo wake ni 640, ya Méga-Dracaufeu X ni 634. Wanakaribiana, na Amphinobi yuko juu kidogo. Lakini angalieni ilivyogawanywa:

Amphinobi wa Sacha: uhai 72, shambulio la mwili 145, ulinzi 67, shambulio la pekee 153, ulinzi wa pekee 71, mbio 132.
Méga-Dracaufeu X: uhai 78, shambulio la mwili 130, ulinzi 111, shambulio la pekee 130, ulinzi wa pekee 85, mbio 100.

Ulinzi 67 kwa 111, hapo ndipo mechi ilipo. Amphinobi anapiga kwanza na anapiga sana, lakini akiguswa anaumia.

Nimepiga hesabu kwa niveau 50, IV (uwezo wa kuzaliwa) 31 kila upande, bila EV (nyongeza za mazoezi), tabia ya kawaida. Amphinobi anakuwa na uhai 147, Dracaufeu 153.

Sheauriken ya Amphinobi huyu inapiga mara tatu, kila moja nguvu 20. Jumla inaondoa 57 mpaka 72 kwa 153, yaani asilimia 37 mpaka 47.
Dracogriffe ya Dracaufeu: nguvu 80, inaongezwa na kipaji cha Griffe Dure (mara 1.3 kwa mashambulizi ya kugusa), na inaongezwa tena kwa kuwa yeye mwenyewe sasa ni Dragoni. Inaondoa 102 mpaka 120 kwa 147, asilimia 69 mpaka 82.
Poing Éclair: umeme juu ya maji mara 2, na Griffe Dure juu yake. 126 mpaka 150. Ikipata bahati, ngumi moja inamaliza kila kitu.
Rafale Feu, ile iliyomaliza fainali: nguvu 150, lakini moto juu ya maji ni nusu. 69 mpaka 82, asilimia 47 mpaka 56.

Chezeni mechi kwenye karatasi. Amphinobi ana mbio zaidi, anatangulia. Zamu ya kwanza Dracaufeu anapoteza asilimia 37 mpaka 47, anajibu kwa Dracogriffe, Amphinobi anabaki na 31 kwenda chini. Zamu ya pili Sheauriken tena, Dracaufeu amepoteza 74 mpaka 94. Hajaanguka. Anapiga Dracogriffe ya pili, Amphinobi chini. Dracaufeu anabaki amesimama na asilimia 6 mpaka 26. Amphinobi anahitaji zamu tatu, Dracaufeu anahitaji mbili. Ndivyo fainali ilivyoonekana: karibu sana, lakini upande mmoja ukakosa pigo moja.

Mashambulizi manne ya Amphinobi wa Sacha ni Sheauriken, Aéropique, Coupe na Reflet. Hakuna hata moja lenye mara 2 juu ya Moto na Dragoni. Aéropique inaondoa asilimia 19 mpaka 23 tu, Coupe chini ya hapo. Dracaufeu ana moja lenye mara 2. Nikiambiwa nibadili kitu kimoja ili Sacha ashinde, sitagusa nguvu ya Amphinobi hata kidogo. Nitampa Laser Glace mahali pa Coupe, kwa kuwa barafu juu ya Moto na Dragoni inarudi kuwa 1 kamili na nguvu yake ni 90, basi akitumia shambulio lake la pekee la 153...

Hapana, wacha niimalize hesabu hapa ili wakubwa wako waipige wenyewe: 22 (ya niveau 50) mara 90 mara 173 (shambulio la pekee la Amphinobi kwa niveau hiyo), gawa kwa 105 (ulinzi wa pekee wa Dracaufeu), gawa kwa 50, ongeza 2. Inatoka 67, na kwa bahati mbaya kabisa 56. Ni karibu sawa na Sheauriken yenye mapigo matatu. Zamu tatu bado. Ndiyo kusema hata shambulizi bora halingemwokoa bila ulinzi.

Katuni haifuati michezo kwa namba, wakubwa wako watakuambia hivyo na wana haki. Lakini hoja yao ilitoka kwenye jedwali la aina, basi nao wakubali kujibiwa na jedwali hilohilo.

Himbi_Zygarde

Birere_77, aksanti sana. Nitaandika hii kwenye karto kubwa na kuitundika ukutani jioni ya tano. Swali moja: mbona Rafale Feu njo alimalizia, kama Dracogriffe inaumiza zaidi?

Birere_77

Kwa michezo, Rafale Feu ina gharama: inafika mara 90 kwa 100, na zamu inayofuata Dracaufeu hawezi kufanya kitu. Kwa hiyo haifungui mechi, inaifunga. Ukiitumia mapema na mpinzani akabaki amesimama, umempa pigo la bure. Alain aliiachia wakati wote wawili wamechoka, umbali umekuwa mkubwa kati yao na nyota kubwa ya maji inakuja. Hapo hakuna muda wa kusogea na kukwaruza kwa kucha. Asilimia 47 ilitosha kwa aliyekuwa amebaki na chini ya hapo.

Sababu ya pili ya kushindwa imo ndani ya katuni yenyewe na haina namba. Katika muungano ule Sacha anasikia maumivu ya Amphinobi mwilini mwake. Dracaufeu akipiga, wanaumia wawili. Alain hasikii chochote, anabaki na kichwa baridi cha kuamuru. Waambie watoto wamtazame Sacha mikono na mabega wakati Amphinobi anapigwa, wasimwangalie Amphinobi peke yake.

Tena Sacha alikuwa amekwisha kupambana na Alain kabla ya Ligi na hakuweza kumshinda. Aliyetazama kwa mpangilio hashangai sana.

Katuba_MamaNymphali (Lubumbashi)

Jambo bandugu ya Kivu. Kadutu amepanga vizuri, ila nina mawili ya kuongeza na moja la kukataa.

Ninalokataa: kipimo chake kinaweza kumponyoka Serena. Amesema "Serena akipanda jukwaani", sawa, lakini kwenye orodha yake ya zisizoachwa hakumtaja hata mara moja. Wasichana watakaokuwa sebuleni wanahitaji kuona mashindano yake makubwa mpaka mwisho. Anafika mbali, anashindwa na Malkia wa Kalos, na hafichi uchungu wake. Kisha mwishoni kabisa, katika 47, anaamua mwenyewe kwenda Hoenn kujaribu njia mpya. Ukikata jukwaa, uamuzi huo unaonekana kama umetoka hewani, na watoto watabaki na busu la pale kiwanja cha ndege peke yake. Weka pia Évoli wake anapogeuka Nymphali. Nafasi zipo: toa epizodi za vituko vya wale wezi watatu, Jessie, James na Miaouss, peke yao, hutapoteza kitu.

Sasa lugha. Kwa wadogo wasiosikia Kifaransa, usitafsiri kila neno juu ya sauti. Sauti mbili zikigongana hakuna anayesikia, wakubwa wanakasirika, wadogo wanaanza kuongea. Fanya hivi: kabla ya kila epizodi sema kwa Kiswahili mambo matatu, nani yuko, anataka nini, nani anamzuia. Nusu dakika. Simamisha picha mara mbili tu ndani ya epizodi, na kamwe usiisimamishe ndani ya pambano. Mapambano hayahitaji mkalimani. Kinachohitaji ni mazungumzo ya Lysandre, maana anaongea kwa upole na maneno mazuri, na mtoto asiyeelewa Kifaransa atadhani ni mtu mwema mpaka jioni ya sita. Hapo simamisha, eleza kwamba anataka dunia ya wachache, wengine waondolewe.

Kuna jambo moja linalowachanganya karibu watoto wote, na ni bora ulieleze siku ya kwanza. Kugeuka kwa kawaida ni kwa daima: Croâporal akishakuwa Amphinobi harudi. Méga-Évolution ni kwa muda, pambano likiisha anarudi alivyokuwa, na inadai mawe mawili: Gemme Sésame kwa mwenye Pokémon, na Méga-Gemme kwa Pokémon. Amphinobi wa Sacha naye anabadilika kwa muda, lakini hakuna jiwe lolote. Ndiyo maana Team Flare wanamtaka. Mtoto akishika mambo haya matatu, sezoni nzima inafunguka.

Na Zygarde pia. Yule mdogo wa Clem ni kiini. Seli zikijikusanya kwake anakuwa wa asilimia 10, umbo la mbwa. Zikiongezeka ni asilimia 50, umbo la nyoka. Kamili ni 100, amesimama kama mtu. Viini viko viwili, kimoja kiko na Clem, kingine kinakamatwa. Chora duara tatu kwenye ile karto yako.

Jioni ya tano itaisha kwa kushindwa. Usiwafukuze watoto palepale. Zile dakika kumi za Kadutu zitumie hapo, toa hesabu ya Birere_77, wapigie zamu mbili kwa sauti, waone Dracaufeu alibaki na kidogo sana. Waambie pia kwamba Sacha alikuja kushinda Ligi ya Alola mwaka 2019, na tarehe 11 Novemba 2022 Japani ilionyesha akimshinda bingwa Tarak na kuwa bingwa wa dunia. Katika mashindano hayohayo Alain alitolewa na Tarak duru ya kwanza.

Ndosho_Waya (Goma)

Kwa umeme na faili, kaka Himbi.

Tele ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50. Angalia nyuma yake, imeandikwa. Ongeza taa ya wati 5. Masaa mawili ni Wh 110. Konvertisere inapoteza kama asilimia 15, basi hesabu Wh 130 kwa jioni. Batri ya risasi ya 12 V na 50 Ah ina Wh 600, lakini usiishushe chini ya nusu, itakufa haraka. Unabaki na 300. Hiyo ni jioni mbili bila umeme kabisa, kisha lazima ichajiwe. Ukiipata ya 100 Ah unafika jioni nne. Usitumie ile batri iliyotoka kwenye gari inayowasha injini kwa shida, itaonyesha 12.6 V asubuhi na kuanguka nusu saa baada ya kuwasha tele. Ipime ikiwa na mzigo.

Taa isizimwe. Hii si mapambo. Tarehe 16 Desemba 1997 Japani epizodi moja ya Pokémon ilikuwa na mwanga mwekundu na bluu uliopepesa haraka, na watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali. Katuni ikasimama miezi minne. Baada ya hapo walipunguza mimweko, lakini mapambano ya Ligi bado yana mwanga mwingi na sebule yenye giza inauongezea nguvu. Watoto wakae mita mbili kutoka kwenye tele, mwangaza wa tele ushushwe kidogo. Uliza wazazi kama kuna mtoto mwenye kifafa. Huyo akae nyuma na mtu mzima, na akianza kufumba macho atolewe nje.

Faili: tele nyingi hazisomi HEVC (namna mpya ya kubana picha), unapata sauti bila picha. Zigeuze kwenye kompyuta ziwe MP4, picha H.264, sauti AAC. Programu ya HandBrake inafanya, chagua 480p. Kwa inchi 32 inatosha. Kila moja ikiwa kama mega 120, epizodi 34 zinakaa katika giga 4 na kidogo, flashi ya giga 8 inatosha. Usiziunganishe kuwa faili moja ndefu: flashi ya FAT32 haipokei faili inayozidi giga 4, na umeme ukikatika utapoteza mahali mlipofika. Andika 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3 tele itacheza 1, kisha 10, kisha 11. Ondoa alama za é na û kwenye majina ya faili, tele zingine zinazikataa. Jaribu zote 34 kwenye tele hiyohiyo, sekunde kumi kila moja, si kwenye telefone.

Kadutu_Croaporal

Mama Nymphali, nakubali kwa Serena, nilimpunguzia haki yake. Himbi, mashindano yake makubwa yaingie jioni ya tatu, na Nymphali baadaye. Za Urup zibaki jioni ya nne, ziwe karibu na Ligi.

Himbi_Zygarde

Nimeandika yote. Batri ya 100 Ah iko kwa jirani, nitaipima ikiwa na mzigo kama Ndosho alivyosema. Bado moja: mwishoni Amphinobi anabaki Kalos, haendi na Sacha. Wadogo watalia. Niwaambie nini?

Katuba_MamaNymphali

Waambie kile kilichomo. Baada ya vita mizizi ya lile jiwe bado imejificha ardhini, na Amphinobi anaweza kuisikia mahali ilipo. Zygarde wawili wanamhitaji ili kuimaliza. Hakuachwa, amepewa kazi ambayo Pokémon mwingine hawezi. Na uwaambie kabla ya kuanza jioni ya saba, si baada, ili wanapomwona anaruka kuondoka wajue anakwenda wapi.